Sahani ya Nafasi ya Kwanza

Nyumbani kwa Muderhwa, pale Kamembe nchini Rwanda, ng'ambo ya Bukavu ya Kongo, nyuma ya soko, kulikuwa na sahani moja ambayo haikuwahi kuwekwa chakula. Ilikuwa sahani nyeupe ya bati, yenye maua mekundu ukingoni, nayo ilisimamishwa wima ndani ya kabati la vioo, kando ya picha ya harusi. Muderhwa mwenyewe alikuwa muuza vyombo. Sahani, sufuria, bakuli na termosi zilipita mikononi mwake kila siku ya Mungu, na nyumbani kwake sahani zilikuwa nyingi kuliko midomo. Lakini hiyo moja ilikuwa na heshima yake. Alipewa, kwa maneno yake mwenyewe, mwaka wa 1982, darasa la tano, shule ya msingi ya Mlimani, kwa kuwa wa kwanza kati ya wanafunzi thelathini na tisa.

Habari hiyo aliwasimulia wageni, aliwasimulia mashemeji, aliwasimulia mafundi waliokuja kuziba paa. Fundi mmoja alimaliza kazi mapema bila kudai chai, apate tu kuondoka. Waliosikia zaidi ya wote walikuwa watoto wake, maana kila buletini, ile karatasi ya matokeo ya shule, ilipoingia nyumbani, sahani nayo ilitajwa.

Mwaka huo buletini iliyoleta balaa ilikuwa ya Béatrice, binti yake wa miaka kumi na miwili. Kule kwetu matokeo hayatumwi kimya kimya ndani ya bahasha. Kuna siku ya proklamasio. Wanafunzi wa darasa husimama wote katikati ya uwanja, wazazi wakiwa pembeni, na mwalimu anasoma majina kuanzia wa kwanza. Aliyesomwa anatoka mbio kwenda kwa wazazi wake. Uwanja unazidi kuwa mtupu, na waliobaki wanazidi kuonekana. Atakayebaki mwisho, atabaki peke yake kwenye jua, na hata mbuzi wa jirani atajua kwamba ndiye.

Siku hiyo Muderhwa alivaa koti. Mwalimu alipofika jina la thelathini, Muderhwa alianza kutazama simu yake. Alipofika la arobaini, simu ambayo haikuwa imelia iliwekwa sikioni, na Muderhwa akatoka taratibu kuelekea barabarani huku akisema, "Alo? Alo? Sikusikie." Béatrice alisomwa wa arobaini na nne kati ya arobaini na saba. Alipotoka uwanjani alimkuta mama yake tu.

Hukumu ilitolewa jioni ile ile, sebuleni, mtuhumiwa akiwa amesimama.

"Wa arobaini na ine," alisema Muderhwa. "Maman Béatrice, unasikia? Ile haiko nafasi. Ile ni namba ya kiatu."

"Nilisikia tangu asubuhi, Papa Béatrice," alijibu Nsimire, mkewe. "Nilikuwa pale. Mpaka mwisho."

Muderhwa alijifanya hakusikia hayo maneno mawili ya mwisho. "Mimi nilikuwaka wa kwanza. Bila taa, bila viatu, na njaa juu yake. Balinipatiaka ile sahani mbele ya bantu bote, na padri alinishika mukono. Huyu eko na taa, eko na viatu, anakula mara tatu. Anakosa nini?"

Jibu la kweli ni kwamba Béatrice hakukosa kitu isipokuwa haraka. Swali aliloulizwa Jumatatu alilijibu Jumatano, na alilijibu vizuri, ila Jumatano mwalimu alikuwa ameshafika sura nyingine. Nsimire alilijua hilo na alilisema mara nyingi. Lakini katika nyumba ile mtu wa kwanza alikuwa mmoja tu, na ndiye aliyekuwa na haki ya kuongea.

"Muhula ukianza, harudi," alisema huyo wa kwanza. "Ataenda Ruhwa kwa shangazi yake, auzishe nyanya kwa mupaka. Sitanunua uniforme ya muntu wa arobaini na ine."

"Papa Béatrice, mutoto eko na miaka kumi na mbili."

"Nyanya haiulize miaka."

Béatrice hakulia. Ilikuwa Jumamosi, na kila Jumamosi kazi yake ilikuwa kupangusa kabati. Alichukua kitambaa, akafungua kioo, akaitoa sahani, akaipangusa juu, akaipangusa chini polepole, akairudisha mahali pake. Baba yake alimtazama akaona hana aibu.

*

Huo ndio mwaka ambao shule ya Mlimani ilitimiza miaka hamsini, na waliosoma hapo waliamua kufanya sherehe. Lilianzishwa kundi la simu, likaitwa Les Anciens, yaani wanafunzi wa zamani, na mwenyekiti akachaguliwa Kayitare, mwenye depo ya vinywaji, kwa sababu vinywaji vingehitajika.

Kazi ya kundi ilikuwa kukusanya kumbukumbu za utoto. Kila mmoja alitakiwa kurekodi sauti yake akieleza siku zile, ili baadaye zichapwe kitabu. Zilikuja kumbukumbu nyingi na zote zilikuwa za mateso. Hakuna aliyekumbuka viatu. Hakuna aliyekumbuka kushiba. Kayitare alisema alitembea kilomita nne kila asubuhi. Wiki iliyofuata zikawa saba. Mwezi ulipoisha zilikuwa kumi na moja, na kuna mto alivuka. Nyumba ya wazazi wa Kayitare ilipakana na shule kwa ua mmoja, na wote waliiba mapera hapo. Lakini hakuna aliyemkumbusha, kwa sababu kila mtu naye alikuwa na mto wake wa kuvuka.

Jambo la pili walilokumbuka wote ni nafasi ya kwanza. Katika darasa la tano la mwaka 1982 pekee, lililokuwa na watoto thelathini na tisa, waliojitokeza kuwa wa kwanza walifika kumi na wanne. Sibomana, ambaye sasa ni mzee wa kanisa, alieleza kwamba alikuwa wa kwanza hata ile wiki alipokuwa na surua. Muderhwa alituma picha ya sahani. Wale wengine kumi na watatu walimpongeza, na hakuna aliyemuuliza neno, maana kuuliza kungeleta kuulizwa.

Ni furaha hiyo iliyomponza Kayitare. Siku moja alituma sauti yake kundini.

"Wapenzi anciens, nimepata wazo. Siku ya sherehe tufanye proklamasio kama zamani. Tusimame uwanjani, na Mwalimu Twagirayezu atuite. Batoto betu baone vile tulikuwaka."

Wazo lilipendwa sana. Walituma vidole gumba na ngoma. Wote walidhani kwamba mwalimu, mzee wa miaka sabini na kitu, atasoma orodha watakayomwandikia wao wenyewe, na kwamba kumi na wanne wataweza kuwa wa kwanza kwa zamu.

Siku mbili baadaye sauti ya Kayitare ilirudi, ikiwa imepungua mafuta. "Nimefika kwa Mwalimu. Amefurahi. Amesema hatuna haja ya kuandika liste. Registre ya 1982, lile daftari la nafasi, eko nayo. Iko ndani ya malle, lile sanduku la chuma, chini ya kitanda."

Saa mbili nzima baadaye mtu mmoja aliuliza kama hiyo registre haijaliwa na panya. Mwingine akasema wazee wasisumbuliwe, afya yao ni dhaifu. Sibomana aliandika kwamba mambo ya nafasi yanaleta majivuno na Biblia haiyapendi. Lakini mialiko ilikuwa imekwisha kutoka, hema lilikuwa limekodiwa, na wake na watoto walikuwa wameahidiwa kuja kuona.

Muderhwa alisikiliza sauti ile akiwa dukani, kati ya sufuria zake, akaizima simu. Maana yeye hakuwa wa kwanza. Hakuwa hata wa kumi. Katika darasa la tano la mwaka 1982, kati ya wanafunzi thelathini na tisa, Muderhwa alikuwa wa thelathini na tisa.

*

Jumatano alimwambia mkewe anakwenda kuangalia mteja, akapanda pikipiki hadi Nyakarenzo. Mkononi alishika mfuko wenye termosi mbili na sahani sita mpya. Alishuka mbali kidogo na nyumba ya mwalimu, akafuata njia ya miguu katikati ya mihogo ili asionekane, na hapo akakutana uso kwa uso na Sibomana, aliyekuwa amebeba jogoo chini ya kwapa.

"Ancien," alisema Muderhwa.

"Ancien," alijibu Sibomana. "Mimi nilikuwa napita tu."

"Na jogoo?"

Sibomana alimtazama jogoo, akafikiri. "Naye alikuwa anapita."

Walipeana mkono kwa heshima, wakaachana kama watu waliokutana kwa mganga, Sibomana akatangulia. Muderhwa alisubiri mpaka Sibomana akatoka ndani bila jogoo, ndipo naye akabisha hodi.

Mwalimu Twagirayezu alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao, miwani imefungwa uzi nyuma ya kichwa. Pembeni mwa ukuta kulikuwa na vitu ambavyo nyumba ile haikuwahi kuviona pamoja: blanketi mbili, mfuko wa sukari, redio ndani ya boksi lake, kitambaa cha suti, jogoo, na makasha mawili ya Fanta. Kwa Fanta hizo Muderhwa alijua kwamba mwenyekiti ndiye aliyetangulia.

"Weka pale, mutoto wangu," alisema mwalimu. "Kando ya redio. Keti."

Muderhwa aliketi ukingoni mwa benchi. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na sita, mke, watoto watatu na duka, na bado mikono yake ilijificha yenyewe chini ya mapaja, mahali ilipokuwa ikijificha zamani fimbo ilipotajwa.

"Mwalimu, nimekuja kukusalimia."

"Bote banakuja kunisalimia wiki hii. Miaka makumi tatu nilikuwa na njaa ya salamu." Mzee alisema bila kinyongo. "Sema unachotaka."

"Ni ile registre, Mwalimu. Je, haiwezekane uruke mustari moja?"

"Bote baliniomba niruke. Nikiruka bote, nitasoma nini? Nitasoma tarehe."

Muderhwa akacheka kidogo, kwa adabu. Mwalimu hakucheka.

"Mama yako alikaa pale pale unapokaa," alisema mwalimu. "Unajua?"

Muderhwa aliitikia kwa kichwa. Alijua.

"Siku moja kabla ya proklamasio. Alileta mayai sita ndani ya majani. Alisema, Mwalimu, baba yake anangojea nafasi. Ikiwa mubaya, atamutoa masomoni, atamupeleka Rusizi kubeba mizigo kwa daraja. Akaniomba nibadilishe namba moja tu. Nilimukatalia. Nilikuwa kijana, nilipenda sheria. Nilimurudishia na mayai yake."

"Hakukosea kuomba," alisema Muderhwa kwa sauti ndogo.

"Kesho yake alivuka kwenda Bukavu. Jioni nilisikia kwa majirani kwamba weye, mutoto wa Murhula, umekuwa wa kwanza, na shule imekupatia sahani. Shule haikupatiaka muntu sahani hata siku moja. Tulikuwa hatuna." Mzee alivua miwani, akaifuta kwa shati. "Baba yako hakujua kusoma. Aliona sahani, akakuacha usome. Sikusema kitu. Mpaka leo sijue kama kumukatalia nilifanya vizuri."

Nje jogoo wa mwenyeji aliwika, jogoo wa Sibomana akamjibu kutoka ndani. Muderhwa alitazama sakafu ya udongo. Alikuwa amesimulia hadithi ya sahani miaka mingi mno, mpaka hadithi ya mama yake ikafunikwa chini. Aliona aibu, na aibu ilimuuma kweli. Lakini mtu aliyezoea uongo hauachi kwa kuumwa mara moja.

"Na weye uko na batoto?" aliuliza mwalimu.

"Batatu. Mukubwa eko darasa la tano, kama mimi wakati ule."

"Amekuwa wa ngapi?"

"Wa pili," alisema Muderhwa.

"Vizuri," alisema mwalimu, akavaa miwani yake, akamtazama. "Sawa. Nenda. Macho yangu iko mubaya sasa. Muntu mwenye macho mubaya anaweza kuruka mustari. Sikuahidie."

*

Jumamosi ya sherehe jua liliwaka kama limelipwa. Hema lilijaa. Wake za anciens walivaa kitenge cha aina moja kilichochaguliwa na mke wa Kayitare, na wasioweza kukinunua walikaa nyuma ili wasiharibu picha. Zilisomwa hotuba nne. Katika kila hotuba shule ilisifiwa kwamba imetoa watu, na kila msemaji alijigusa kifua aliposema watu. Paa la darasa la pili lilikuwa limetoboka, na hakuna hotuba iliyoinua macho kulitazama.

Nsimire alikaa mstari wa tatu pamoja na watoto. Muderhwa alikuwa amejaribu kuwaacha nyumbani: kwanza alisema nafasi ni chache, kisha akasema mvua itanyesha. Lakini mkewe alimjibu kwamba amesikia habari ya proklamasio hiyo miaka kumi na mitano, na leo ataiona kwa macho.

Kisha anciens wa darasa la tano, 1982, wakaitwa uwanjani. Walitoka thelathini, wakiwa na matumbo na makoti yao, wakajipanga katikati ya vumbi. Wa mwisho kufika alikuwa Antoinette, muuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, pale sokoni. Hakuwa ndani ya kundi la simu kwa kuwa simu yake ilikuwa ya tochi, na hakuna aliyemwalika. Alisikia kwa wateja, akaja na kapu lake.

Mwalimu Twagirayezu aliinuka, akafungua daftari kubwa lenye jalada jeusi. Sauti ilikuwa ile ile ya zamani.

"Wa kwanza. Antoinette Mukamana."

Kumi na wanne waliokuwa wa kwanza walitazama mbele. Antoinette aliweka kapu chini, akasogea.

"Zawadi, daftari moja na kipande cha sabuni," alisoma mwalimu. "Ulipata?"

"Nilipata, Mwalimu. Sabuni mama alifulia. Daftari sikuandika, maana ule mwaka njo baliniozesha."

Watu walicheka kwa sababu alisema kama anasema bei ya samaki. Kisha wakaacha kucheka. Katika mstari wa tatu Nsimire alikuwa amelisikia neno sabuni, akageuza kichwa polepole kumtafuta mumewe, na mumewe akawa anatazama bendera.

Majina yakaendelea. Wa pili alikuwa mwalimu wa sekondari. Wa tatu alikuwa kinyozi.

"Wa saba. Mukantwari."

Hakutoka mtu. Mwalimu aliinua macho, akasubiri, kama alivyokuwa akimsubiri zamani mtoto aliyechelewa kutoka kisimani. "Mukantwari," alisema tena, kisha akapitisha kidole juu ya mstari. "Wa nane. Kamali." Akasubiri tena. Majina tisa yalisubiriwa hivyo siku ile. Kila mtu uwanjani alijua kwa nini hayaitikiwi tena tangu mwaka wa 1994, na hata mwenye kipaza sauti aliacha kuchezea waya wake. Mwalimu aliyasoma kwa upole, bila kuruka hata moja, na watu walivua kofia bila kuambiwa. Hapo tu, mchana ule wote, ndipo kumbukumbu za shule ya Mlimani zilipokuwa za kweli.

Kisha zikarudi kuwa kichekesho. Kwa kuwa kadiri majina yalivyosomwa, ilionekana kwamba waliotoka mapema walikuwa wenye viatu vya vumbi, na waliokuwa wakibaki jua likiwapiga walikuwa wenye makoti. Mwenye redio alibaki. Mwenye blanketi alibaki. Sibomana aliitwa wa thelathini na nne, akatoka akisema kwa nguvu kwamba mwaka ule alikuwa na surua. Watoto chini ya hema walianza kuhesabu kwa sauti waliosalia: wanne, watatu, wawili.

Waliobaki wawili walikuwa Kayitare na Muderhwa. Mwenyekiti alikuwa ametoa leso, anajifuta shingo.

"Kasha mbili," alinong'ona Kayitare bila kugeuka. "Kasha mbili nzima, za Fanta citron."

"Wa thelathini na nane," alisoma mwalimu. "Kayitare."

Mwenyekiti alitoka na kupiga makofi mwenyewe, kama aliyepanga mzaha. Muderhwa akabaki. Ulikuwa uwanja uleule. Mlingoti uleule, na vumbi lile lile, na mahali pale pale aliposimama akiwa na miaka kumi na mmoja, kaptula imeshikwa na pini, akimtafuta mama yake kwa macho kati ya akina mama waliokuwa wakicheka.

Mwalimu aliweka kidole kwenye mstari wa mwisho. Kisha akafunga daftari.

"Imekwisha," alisema.

"Mwalimu," alisema mwenye kipaza sauti, "kumebaki moja."

"Macho yangu imechoka," alisema mwalimu, akaketi.

Basi Muderhwa akawa amepata alichokiomba. Jina lake halikusomwa. Na kwa kuwa halikusomwa, hakuwa na ruhusa ya kutoka, wala hakujua aende wapi, akabaki amesimama katikati ya uwanja mbele ya watu mia tatu waliomtazama wakisubiri afanye jambo. Mkono wake ulikwenda mfukoni kutafuta simu. Halafu akakumbuka ni nani aliyekuwa akimwangalia, na mkono ukaishia hapo.

Kulikuwa na kicheko upande wa kushoto, kisha kulia. Ndipo akaona mtoto anatoka chini ya hema. Béatrice hakukimbia; yeye hakuwa mtu wa haraka. Alivuka uwanja mzima kwa mwendo wake wa kila siku, akafika, akasimama ubavuni mwa baba yake, akatazama mbele.

"Papa," alisema chinichini, "ukibaki uwanjani, usiangalie bantu. Angalia juu kabisa ya mulingoti. Saa inapita mbio."

Muderhwa aliangalia juu ya mlingoti. Kitambaa kilikuwa kinapepea kidogo, kisha kinatulia, kisha kinapepea. Ilimjia kwamba mtoto hawezi kulijua jambo hilo asipokuwa amelifanya, na amelifanya mara nyingi, yeye akiwa barabarani anaita alo, alo.

"Tuende?" aliuliza Béatrice.

"Ngoja kidogo," alisema Muderhwa. "Tumalize."

*

Jioni mkaa uliwashwa. Muderhwa alifungua kabati, akaitoa sahani, akaiweka mezani, akawaita wote watatu na mama yao. Akaeleza. Alieleza vibaya, kwa kurudi nyuma na kukohoa, kwa kuwa hadithi hiyo hakuwa na mazoezi nayo: mayai sita, mwalimu aliyekataa, mama aliyevuka daraja peke yake, baba aliyeshika sahani akaitazama mbele na nyuma kisha akasema basi, asome.

Nsimire alisikiliza mikono ikiwa kiunoni. "Miaka kumi na tano," alisema. "Nimesikia padri alikushika mukono miaka kumi na tano. Ulimutoa wapi huyo padri?"

"Alikuja yeye mwenyewe," alisema Muderhwa. "Kidogo kidogo."

"Papa, mimi nilijua," alisema Béatrice.

Wote wakamgeukia. Aliigeuza sahani. Chini, karibu na ukingo, kulikuwa na kikaratasi kilichofifia, kikubwa kama ukucha, na juu yake wino wa bluu: zaïre kumi na nane, fedha ya Kongo ya wakati ule.

"Niko nakipangusia kando kando kila Jumamosi, kisitoke," alisema. "Niliona nikiwa mwaka wa pili. Nilifikiri: zawadi ya shule ya Rwanda, mbona bei ni ya kule Zaïre? Nilifikiri mpaka Jumatano. Njo nikajua koko, mama yako, aliinunua."

"Na hukusema?"

"Ulikuwa unapenda sana ile hadithi, Papa."

Nsimire alichukua sahani mezani bila kuomba ruhusa. Aliiosha, akapakua ugali na sombe ya majani ya muhogo, akaiweka mbele ya Béatrice. Walikula.

Jumatatu alifunga duka asubuhi. Alimpeleka binti yake mwenyewe, uniforme ikiwa bado na mikunjo ya sokoni, wakapanga foleni mbele ya ofisi ya shule pamoja na wazazi wengine. Nyuma yao alisimama mke wa Kayitare, na mbele yao wateja wawili wa duka la Muderhwa. Mkuu wa shule aliinua kalamu.

"Jina?"

"Béatrice Nabintu. Binti yangu."

"Nafasi ya muhula uliopita?"

Foleni ilisogea karibu, kama foleni zinavyosogea jambo la mwingine linaposomwa. Muderhwa alisafisha koo. Akatumia ile sauti yake ya sokoni, ya kuitia wateja wa upande wa pili wa barabara.

"Wa arobaini na ine," alisema. "Nyuma yake beko bantu batatu. Mimi nyuma yangu hakukuwaka muntu."